Tusizitupe mashine kwa kukosa mkalimani

Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ilifungwa nchini Tanzania, katika Wizara ya Fedha. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya kazi ya kuziweka hesabu za Serikali katika mitambo hiyo kwenda mrama. Marufuku ile imekwisha zamani, na leo kompyuta imo katika ofisi za halmashauri na katika shule nyingi. Lakini swali lililoizaa lingali hai: je, sisi tunaoitumia mitambo hii tunaimudu, au tunakaa tu mbele yake tukingoja mtu wa kutoka mbali aje kutuambia la kufanya?

Nimelikumbuka swali hilo kwa sababu ya jambo ambalo huenda msomaji akaliona dogo, nalo ni printa iliyokataa kuchapa.

Hivi karibuni nilipita katika shule moja ya sekondari kumwamkia mwalimu wangu wa zamani, ambaye sasa ni mkuu wa shule hiyo. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Mitihani ya muhula ilitazamiwa kuanza Jumatatu asubuhi. Maswali yalikuwa yamekwisha kupigwa taipu katika kompyuta ya ofisi, na karatasi zilikuwa tayari mezani. Lakini printa, ambayo shule ilikuwa imepewa na ofisi iliyojinunulia mpya, ilikuwa kimya.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Wewe umesoma Chuo Kikuu. Hebu itazame mashine hii."

Niliitazama kwa saa nzima. Nilizima na kuwasha. Nilichomoa waya na kuuchomeka tena. Kila mara kompyuta ilijibu kwamba programu niliyokuwa nikijaribu kuiweka haikubaliani na mfumo wake. Nilielezwa kwamba siku mbili kabla yangu aliitwa fundi kutoka mjini. Alikuja na programu katika flashi, akajaribu, akashindwa, akatoa hukumu kwamba kompyuta imezeeka na kwamba shule inunue nyingine. Kisha akachukua nauli na ujira wake, akaondoka. Njia iliyobaki ilikuwa kuipeleka mitihani kwenye duka la kuchapisha mjini, mahali ambapo maswali yangepita mbele ya macho ya kila mteja aliyesimama pale. Mwalimu yeyote anajua maana ya jambo hilo.

Karani wa shule alikuwa amekaa kimya muda wote ule, bila shaka kwa heshima ya shahada yangu. Ndipo alipokohoa na kusema, "Kaka, kwa nini tusimpigie simu dada wa shule jirani? Wao walikuwa na printa kama hii."

Dada huyo ni katibu muhtasi. Hakuwahi kusomea kompyuta chuoni, alijifunza kazini. Aliposikia shida yetu hakutuambia la kufanya hata kidogo, bali aliniuliza maswali matano. Printa ni ya namba gani, kwa ukamilifu wake? Kompyuta inatumia toleo lipi la Windows? Je, mfumo huo ni wa biti 32 au biti 64? Printa imeungwa kwa waya au kwa mtandao? Na kompyuta inasema nini hasa inapokataa, neno kwa neno? Mimi, msomi wa mjini, sikuweza kujibu hata swali moja. Ilinibidi nipige magoti nyuma ya meza nikasome namba katika kibandiko kilichokuwa chini ya printa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami siku hiyo niliinama kwelikweli.

Naomba hapa nieleze kidogo tatizo lilikuwa nini, maana wengi wetu hutumia vyombo hivi bila ya kujua vinafanyaje kazi. Kompyuta na printa ni mashine mbili zisizosema lugha moja. Kati yao huwekwa programu inayoitwa kiendeshi, ambayo kazi yake ni kama ya mkalimani: huchukua ukurasa kutoka kwa kompyuta na kuugeuza kuwa maagizo yanayofahamika na printa. Mkalimani huyo hana budi kuzijua pande zote mbili. Akiwa ameandikwa kwa ajili ya mfumo wa biti 64, hawezi kufanya kazi katika mfumo wa biti 32, wala yule wa biti 32 hawezi kufanya kazi katika mfumo wa biti 64. Hilo ndilo lililokuwa kosa la fundi wetu. Kompyuta ya shule ilikuwa na Windows 7 ya biti 32, naye alileta kiendeshi cha biti 64. Kompyuta haikuwa na ugonjwa wowote; ilikuwa imeletewa mkalimani wa kikao kingine.

Dada yule alituagiza tukifute kwanza kile kilichowekwa nusunusu, kisha tuchomoe waya wa printa. Alitutaka tutafute kiendeshi kinachofaa katika tovuti ya kampuni iliyoitengeneza printa, si penginepo, tukipakue kwa kompyuta yangu ndogo na kukikagua kama kina virusi. Tukiweke, na tusiuchomeke waya mpaka programu yenyewe itakapotuambia tufanye hivyo. Nusu saa haikupita, ukurasa wa kwanza ukatoka.

Ndugu msomaji, mambo matatu yanafaa kufikiriwa katika kisa hiki.

La kwanza linamhusu mwenye kuomba msaada. Katika ofisi zetu imeota tabia ya kusema "mashine imeharibika" na kuishia hapo. Kauli hiyo haimsaidii mtu yeyote. Mgonjwa anayemwambia mganga "naumwa" tu, asiseme anaumwa wapi na tangu lini, hujichelewesha mwenyewe. Yafaa kila anayeomba msaada afike na majibu ya maswali yale matano. Si magumu. Namba ya printa imeandikwa mwilini mwake. Toleo la Windows huonekana ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha ukaandika neno winver. Habari ya biti imo katika ukurasa wa maelezo ya mfumo. Na maneno ya kompyuta inapokataa yanaweza kunakiliwa katika karatasi na mtu yeyote anayejua kusoma.

La pili linamhusu mwenye kutoa msaada. Kuna misaada ya aina mbili. Upo msaada unaoitengeneza mashine na kumwacha mwenye mashine kama alivyokuwa, ili kesho aite tena na kulipa tena. Na upo msaada unaomwachia mtu ujuzi. Historia ya kompyuta yenyewe ina somo katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, mtaalamu Richard Stallman alikuwa na printa iliyotoka kampuni ya Xerox ambayo karatasi zilikwama mara kwa mara. Printa iliyotangulia aliweza kuirekebishia programu yake, ikawa inawaarifu watumiaji kila karatasi zinapokwama. Programu ya hii mpya ilikuwa imefichwa. Alipomwendea mtu aliyekuwa nayo, alinyimwa, kwa kuwa mtu huyo alikuwa amekwisha kuahidi kutoitoa. Stallman ameeleza mara nyingi jinsi kunyimwa huko kulivyomfungua macho, na mwezi Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza programu zilizo huru kutumiwa, kuchunguzwa na kugawanwa. Ujuzi unaofichwa humfanya jirani kuwa ombaomba.

Hapa kwetu pia yapo ya kujivunia. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Basi hoja kwamba mambo haya hayaelezeki kwa lugha yetu haina mashiko. Fundi anayejificha nyuma ya maneno ya kigeni mara nyingi hufanya hivyo kwa sababu mbili: ama hajui, ama hataki ujue.

La tatu linazihusu ofisi zenyewe. Printa inaponunuliwa huja na kisahani cha programu pamoja na kijitabu. Baada ya mwaka mmoja, nani anajua vilipo? Tunayo madaftari ya kupokea chaki na karatasi, lakini hatuna daftari la mashine. Kila ofisi na kila shule yafaa iwe na daftari moja lenye namba ya kila printa na kompyuta, toleo la mfumo wake, mahali kilipohifadhiwa kiendeshi chake, na maelezo ya namna tatizo la mwisho lilivyotatuliwa. Katibu muhtasi yule hakuwa na kipawa kisichopatikana kwa watu wengine. Alikuwa na daftari.

Ofisi zikumbuke pia kwamba tangu mwezi Agosti 2021, baada ya kugunduliwa kasoro kubwa ya usalama katika sehemu ya Windows inayosimamia uchapaji, kwa kawaida kuweka kiendeshi cha printa hudai mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Kinga hiyo ni ya haki. Lakini kama neno la siri liko kwa ofisa mmoja aliye makao makuu ya wilaya, naye hupatikana mara moja kwa mwezi, basi kinga imegeuka kizuizi. Ofisa huyo hana budi kufikiwa kwa simu na kujibu siku hiyo hiyo, maana kazi za wananchi hazimngoji.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kupoteza wakati, na kwamba dawa ya kompyuta kuukuu ni kuitupa. Hoja yao si ya kupuuzwa. Windows XP iliachwa na watengenezaji wake mwezi Aprili 2014, Windows 7 mwezi Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo ulioachwa hauzibwi tena matundu yake kama desturi, na kompyuta ya namna hiyo haifai kuzururishwa katika intaneti wala kutunziwa siri za watumishi. Hilo nalikubali. Lakini kuchapa kwa waya hakuhitaji intaneti. Kompyuta iliyotengwa na mtandao, ikawekwa kwa kazi ya kupiga taipu na kuchapa tu, na flashi zinazoingia humo zikakaguliwa kwanza, inaweza kuitumikia shule miaka mingine kadhaa. Tena ipo mifumo huru ya Linux, inayochapa kwa msaada wa programu iitwayo CUPS, ambayo huzifahamu printa nyingi za zamani na huweza kufungwa katika kompyuta ambazo Windows mpya inazikataa. Kutupa iwe hatua ya mwisho baada ya kuchunguza. Fundi asiyejua asiifanye ya kwanza.

Na pale inapobidi kununua, tununue kwa akili. Tusiulize bei peke yake. Tuulize pia printa inasema lugha gani. Zipo printa ambazo hazifahamu lugha yoyote ila ya kiendeshi chake mwenyewe, na siku kampuni inapoacha kukitengeneza zinakuwa mabubu. Zipo nyingine zinazozijua lugha zilizoenea, kama vile PCL ya HP na PostScript ya Adobe, zilizoanza kusikika mwaka 1984; hizo aghalabu huweza kutumia kiendeshi cha jumla. Na zipo zinazofuata kanuni za pamoja za miaka ya karibuni, kama AirPrint ya mwaka 2010 na Mopria iliyoanzishwa mwaka 2013, ambazo kwa kawaida hazidai kiendeshi cha pekee. Mwezi Septemba 2023 Microsoft wenyewe walitangaza mpango wa kuviacha hatua kwa hatua viendeshi vya makampuni mbalimbali na kutegemea kanuni hizo za pamoja. Anayenunua kwa fedha za umma hana udhuru wa kutolijua jambo hilo.

Mitihani ya shule ile ilichapwa yote Jumamosi, ndani ya ofisi, mlango ukiwa umefungwa. Kabla sijaondoka nilimwona karani amefungua daftari jipya na kuandika juu ya ukurasa wa kwanza namba ya printa, kisha maneno "biti 32", akayapigia mstari. Mwalimu wangu alinisindikiza hadi njiani. Hakusema lolote juu ya shahada yangu, nami nilimshukuru kwa hilo.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni mtu mzima kukaa mbele ya mashine nzima akaihukumu kuwa mbovu, kwa sababu tu aliona haya kumwuliza katibu muhtasi.