Chema Chajiuza

MWANAMUZIKI wa siku hizi hategemei gitaa na ngoma peke yake. Nyimbo nyingi sasa hutengenezwa ndani ya kompyuta, kwa programu za kurekodi sauti, kuzipanga na kuzichanganya. Programu hiyo ikiwa na dosari, anayeumia ni msanii: kazi ya usiku kucha hupotea kufumba na kufumbua.

Tunasema hivi kwa sababu watengenezaji wengi wa programu hizi wamezoea tabia mbaya. Kwa miaka mingi, mwezi wa Januari umekuwa wa maonyesho makubwa ya vyombo vya muziki huko Anaheim, California. Kila kampuni hutaka kuonekana na kitu kipya. Basi tarehe hutangazwa kabla kazi haijaiva, na mnunuzi hupakuliwa ugali mbichi.

Chukua mfano wa kampuni ya Ableton ya Berlin, Ujerumani, iliyoanza kuuza programu yake, Live, mwaka 2001. Sifa yake ilitokana na kwamba msanii aliweza kuitumia jukwaani, si studioni tu. Toleo la 8 lilionyeshwa Anaheim Januari 2009, likaanza kuuzwa Aprili mwaka huo, likiwa na mapya mengi. Haukupita muda, malalamiko yakazagaa: programu ilikuwa ikizimika ghafla. Hebu fikiria, ukumbi umejaa, watu wanacheza, halafu kimya!

Mwaka 2010, mkuu wa kampuni hiyo, Gerhard Behles, alikiri kosa hadharani. Alitangaza kwamba kazi ya kubuni mambo mapya imesimamishwa ili mafundi washughulikie dosari kwanza. Toleo la 9 halikutoka hadi Machi 2013. Je, kampuni ilikufa kwa kungoja huko? La hasha! Live ingali miongoni mwa programu zinazopendwa sana duniani.

Wako watakaosema kwamba hakuna programu isiyo na dosari. Ni kweli. Pia si kila tatizo ni la mtengenezaji. Mwaka 2019 kampuni ya Apple ilitoa mfumo wake wa Catalina, uliokataa programu zote za zamani za biti 32, na wanamuziki wengi wakapoteza ala zao za kompyuta siku moja. Lakini dosari iliyojificha ni jambo moja, na dosari inayojulikana kisha ikauzwa ni jambo lingine. Hiyo ya pili ni udanganyifu, hata ikifungwa kwa karatasi ya kumetameta.

Kwa hivyo tunawaambia watengenezaji: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Afadhali mnunuzi angoje mwaka mmoja kuliko ageuzwe mjaribu wa bidhaa huku amelipa pesa zake.

Nao vijana wetu wanaorekodi katika vyumba vidogo mijini, wengi wakiwa na kompyuta moja tu, wasikimbilie kila toleo jipya. Usibadilishe programu wimbo ukiwa haujakamilika. Weka nakala ya kazi yako mahali pengine. Waache wengine watangulie kulionja toleo hilo, nawe usikilize wanavyosema. Mwenda pole hajikwai.