"Round" si neno la aina moja



Mwanangu wa kidato cha pili amenyimwa alama kwa kuandika kwamba "round" ni kihusishi. Wino mwekundu ukasema: kivumishi. Sentensi yenyewe ilikuwa "We walked round the house". Mtoto alikuwa sahihi!

Neno hilo ni kivumishi katika "a round table", nomino katika "the second round", kitenzi katika "they rounded the corner" na kielezi katika "she turned round". Kwetu, cheza, mchezo na mchezaji hujitambulisha yenyewe kwa viambishi. "Play" ya Kiingereza hubaki ile ile, iwe jina au tendo. Kinachoamua ni mahali ilipokaa na majirani zake. (Nasi tuna kaa wa baharini na kaa la moto, lakini ukisikia "anakaa" hushangai.)

Tatizo ni zile orodha za kukariri, hili nomino, lile kitenzi, kana kwamba neno huzaliwa na kazi moja. Walimu, tafadhali, wapeni watoto sentensi nzima kwanza, ndipo muwaulize aina ya neno.

Mzazi,
Morogoro