Bei ya Umeme: Ni Nani Anayetuchagulia?

Miongoni mwa mikataba yote inayomfunga mwananchi wa Kenya, hakuna unaomgusa mara nyingi kama ule wa umeme, wala hakuna anaoufahamu kwa uchache kama huo. Kila anunuapo tokeni huwa anatimiza sharti la mkataba. Hata hivyo hakuusoma, hakuutia sahihi, wala hakuulizwa iwapo angependa bei isiyobadilika kwa muda maalumu au bei ipandayo na kushuka kila mwezi. Sisi tunasema kwamba swali hilo liliulizwa na likajibiwa, na jibu lake likatiwa sahihi kwa niaba yetu. Kwa sababu hiyo tunaona inafaa tulifafanue.

Tuanze ng'ambo, mahali ambapo mwenye nyumba huulizwa swali hilo waziwazi, ili tupate kipimo cha kupimia hali yetu wenyewe. Nchini Uingereza soko la umeme wa nyumbani lilifunguliwa kati ya miaka 1998 na 1999, na tangu wakati huo mwananchi anaweza kuiacha kampuni moja akaenda kwa nyingine. Kwa kawaida huwekewa mbele yake mapatano ya aina mbili. Ya kwanza ni ya bei thabiti: kiwango cha kila yuniti hakiguswi kwa muda uliotajwa, aghalabu mwaka mmoja au miwili, na anayejitoa kabla ya muda huo huenda akatozwa ada ya kujitoa. Ya pili ni ya bei inayobadilika: hayana kifungo cha muda, bali kampuni yaweza kuipandisha bei au kuishusha. Sheria ya mwaka 2018 iliruhusu bei hiyo ya pili iwekewe kikomo na mamlaka ya udhibiti iitwayo Ofgem, na kikomo hicho kikaanza kutumika Januari 1, 2019.

Mwenye busara hachagui kwa kutazama bei ya yuniti peke yake. Huko kuna pia ada ya kila siku, ambayo hulipwa hata kama taa hazikuwashwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya kwanza inatoza peni 60 kwa siku na peni 24 kwa yuniti. Ya pili inatoza peni 40 kwa siku na peni 27 kwa yuniti. Mjane atumiaye yuniti 1,500 kwa mwaka atalipa pauni 579 katika ile ya kwanza na pauni 551 katika ile ya pili. Jamaa kubwa itumiayo yuniti 4,000 italipa pauni 1,179 katika ya kwanza na pauni 1,226 katika ya pili. Kampuni ni zile zile na bei ni zile zile, lakini iliyo rahisi kwa mmoja ni ghali kwa mwingine. Basi hesabu huanza na matumizi ya mtu mwenyewe, siyo na tangazo la muuzaji.

Je, bei thabiti ni bora kuliko inayobadilika? Miaka ya 2021 na 2022 ilitoa fundisho. Bei ya gesi ilipanda kwa kasi, na Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 ikazidi kupaa. Kikomo cha Ofgem kwa nyumba ya matumizi ya kawaida, gesi na umeme pamoja, kilikuwa pauni 1,277 kwa mwaka katika Oktoba 2021. Kikawa pauni 1,971 katika Aprili 2022, kisha pauni 3,549 katika Oktoba mwaka huo, hata serikali ikalazimika kuingilia kati na kuishikilia gharama ya nyumba kama hiyo katika pauni 2,500. Waliokuwa wamefunga bei mapema walikaa kivulini huku wenzao wakiungua. Lakini si wote. Kampuni karibu 30 zilianguka, na wateja wake wakahamishiwa kwa kampuni nyingine kwa bei inayobadilika, ahadi ya bei thabiti ikiwa imekufa pamoja na aliyeitoa.

Kutokana na hayo twapata kanuni mbili. Kwanza, bei thabiti haimaanishi bei nafuu. Ni aina ya bima: mnunuzi hulipa ili hatari ya kesho ibebwe na muuzaji. Anayechagua bei inayobadilika huibeba hatari hiyo mwenyewe, kwa matumaini kwamba kesho itakuwa njema. Pili, ahadi ina thamani sawa na uwezo wa aliyeahidi. Kwa hiyo swali la bei thabiti au inayobadilika ni swali la nani abebe mzigo mambo yaharibikapo.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ilifungua njia kisheria ili wauzaji wengine wa umeme wapewe leseni. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida wa Kayole, Nyalenda au Likoni anajua mlango mmoja tu wa kununulia stima, yaani Kenya Power. Hana kampuni ya pili ya kulinganisha nayo. Wengi hudhani kwamba kwa ajili hiyo mjadala wa bei thabiti na bei inayobadilika hautuhusu. Hapo ndipo tunapokosea, kwa maana aina zote mbili zimo nchini mwetu. Tofauti ni kwamba moja ilipewa mzalishaji, na nyingine ikaachiwa mlaji.

Mzalishaji wa umeme huuza kwa Kenya Power kwa mkataba wa muda mrefu, aghalabu miaka 20 au zaidi. Bei yake imeandikwa humo, mara nyingi kwa dola au kwa yuro. Mitambo ya mafuta hulipwa ada ya kuwa tayari hata siku ambazo umeme wake hauhitajiki. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana wauonyesha mpango huo vizuri. Mitambo yake 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imesimamishwa kufikia mwaka 2017. Njia ya kuutoa umeme huo Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Mkataba ulitaka mwekezaji alipwe kwa kuchelewa huko, na mabilioni ya shilingi yakalipwa.  Alidai kilichoandikwa, naye alikuwa na mawakili mezani kilipokuwa kikiandikwa.

Mlaji naye yuko upande wa pili. Juu ya bei ya msingi huongezwa tozo ya mafuta na tozo ya kubadilika kwa thamani ya sarafu, ambazo huchapishwa kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kuna marekebisho ya mfumko wa bei, kuna ada za mamlaka mbalimbali na za usambazaji wa umeme mashambani, kisha kodi ya VAT. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifikia takriban Sh160. Mama auzaye samaki Kisumu hakukopa dola yoyote, lakini tokeni zake zilipungua kwa sababu mkataba wa mtu mwingine ulihesabiwa kwa dola. Kwa lugha ya kanuni tuliyoitaja, mzalishaji alinunuliwa bima, na mama huyo ndiye aliyeandikiwa kuilipia.

Hata ile iitwayo bei ya msingi, ambayo ilipaswa kuwa nguzo ya uthabiti, imetikiswa kwa njia ambayo wengi hawakuing'amua. Mpaka wa bei ya wanyonge uliwekwa katika yuniti 10 katikati ya mwaka 2018, ukasogezwa hadi yuniti 100 mwishoni mwa mwaka huo huo baada ya malalamiko, kisha Aprili 1, 2023 ukarudishwa chini hadi yuniti 30. Mwaka 2022 nyumba iliyotumia yuniti 60 kwa mwezi ilikuwa ndani ya mpaka huo na kulipa Sh7.70 kwa yuniti, yaani Sh462 kabla ya tozo na kodi. Kuanzia Aprili 2023 nyumba ile ile, yenye balbu zile zile na redio ile ile, iliwekwa katika daraja la Sh16.30, yaani Sh978. Hiyo ni zaidi ya mara mbili. Waliotazama viwango peke yake hawakuona kwamba kilichowaumiza zaidi ni kusogezwa kwa mpaka.

Walioumia zaidi hata ya hao ni wapangaji wa ploti zenye mita moja. Tuseme nyumba sita zinatumia yuniti 25 kila moja. Kila moja ikiwa na mita yake, kwa viwango vya Aprili 2023, ingelipa Sh12.22 kwa yuniti, jumla Sh305.50. Zikiunganishwa katika mita moja, zinahesabiwa kuwa mteja mmoja atumiaye yuniti 150, na daraja la waliopita yuniti 100 lilikuwa Sh20.97. Kila nyumba italipa Sh524.25. Hivyo maskini sita waliojibana chini ya paa moja wanatozwa kana kwamba ni tajiri mmoja.

Wako watakaotujibu kwamba bila mikataba thabiti ya muda mrefu hakuna benki itakayokopesha, na bila mikopo hakuna mtambo utakaojengwa. Hoja hiyo ina uzito na hatuidharau. Nchi iliyoonja mgao wa umeme wa mwaka 2000 haiwezi kuwafukuza wawekezaji. Lakini kumhakikishia mwekezaji malipo ni jambo moja, na kumficha mlipaji masharti ni jambo jingine. Jopo lililoongozwa na John Ngumi mwaka 2021 liliichunguza mikataba hiyo na kupendekeza bei ya umeme ipunguzwe kwa asilimia 33. Asilimia 15 zilipunguzwa Januari 2022. Sehemu ya pili haikufika, na mwaka uliofuata bei zikapandishwa. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mezani walikuwapo serikali, kampuni na wakopeshaji, na kila mmoja aliondoka na lake.

Basi tufanye nini? Katiba ya mwaka 2010 imetupa silaha mbili. Kifungu cha 46 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike kikamilifu na huduma anayoilipia, na haki ya kulindwa kiuchumi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu wa kuziomba. Ombi huandikwa kwa barua ya kawaida, na halihitaji wakili.

Tunapendekeza kila kundi la haki na kila jumuiya ya kanisa ianze na yaliyo karibu. Kila nyumba iandike yuniti ilizotumia kwa miezi mitatu mfululizo, kwa kuwa daraja la mteja huamuliwa kwa wastani wa miezi hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wapangaji wa mita moja wamwendee mwenye ploti kwa pamoja, hesabu ikiwa mkononi, wamwombe mita za kila nyumba. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bei mpya, tusiende kulalamika kwamba stima ni ghali, kwani hilo wanalijua. Tuulize mpaka wa wanyonge utawekwa wapi na kwa hesabu gani. Tuulize ni mikataba ipi italipwa kwa fedha za kigeni, na shilingi ikianguka, ni sehemu gani ya hasara itakayobebwa na mzalishaji.

Huenda siku ikaja ambapo Mkenya naye ataweza kuchagua baina ya kampuni mbili za stima. Lakini asiyeizoea hesabu leo atadanganywa na tangazo siku hiyo. Hadi wakati huo, mkataba mkubwa umekwisha kutiwa sahihi kwa jina letu. Tunadai tuusome.