Pete ya Drake shingoni mwa watoto wa Niemba: anayeikata haijui, anayeivaa haijui

NIEMBA – Kwenye siti ya watu waliohama vita na katika mitaa iliyo kando ya reli, vijana wengi siku hizi wanavaa kitu kimoja shingoni: pete iliyotungwa kwenye kamba. Wenye bahati wana pete ya kweli, ya kununua soko la Kalemie. Wasio na franka wametunga ekru ya boliti, na kamba yenyewe ni ya kiatu cha zamani. Juu ya pete hizo kumezuka ugomvi ambao umeingia makanisani, umeingia nyumbani, na umefika hadi kwenye bariere.

Pasta mmoja amewaambia waumini kwamba ile ni hirizi, mlango wa shetani, na kwamba mzazi asiyeikata atajibu mbele ya Mungu. Basi mama mmoja aliamka usiku, akachukua wembe, akakata kamba shingoni mwa mwanawe akiwa amelala. Asubuhi mtoto alilia kama aliyefiwa.

– Mama, ile si dawa. Ni pete ya Drake.

– Drake ni nani kwako? Ni wa ukoo gani?

Mtoto hakuwa na jibu. Upande wa pili wako vijana wakubwa, na hata walimu kadhaa, wanaocheka na kusema pasta ni mshamba, ile ni gemu tu, mwacheni mtoto acheze. Pande zote mbili zinapiga kelele, na hakuna hata upande mmoja uliojisumbua kuangalia pete yenyewe inasema nini. Mama yule, na hasira yake yote, ndiye peke yake aliyeuliza swali lenye maana.

Pete hiyo inatoka kwenye gemu za Uncharted, ambazo za kwanza zilitoka mwaka wa 2007 kwa mashine ya PlayStation 3. Hapa zinachezwa kwenye vyumba vya video vyenye pano za jua, mashine moja ya zamani kwa watoto kumi, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kushika maneti. Wengine hawajacheza hata siku moja. Wameona tu filamu ya mwaka wa 2022, ile inayopitishwa kwenye flash kwa sauti za Kifaransa. Shujaa wake anaitwa Nathan Drake, mtafuta hazina. Shingoni ana pete kwenye kamba ya ngozi, na anasema ni ya babu yake wa zamani, Mwingereza Francis Drake, baharia mkubwa. Juu ya pete kuna maneno ya Kilatini, Sic Parvis Magna, maana yake makubwa hutoka kwenye madogo. Maneno hayo hayakutungwa na watu wa gemu: ndiyo yaliyokuwa kwenye nembo ya Drake mwenyewe.

Ni rahisi kuona kwa nini maneno hayo yanampendeza mtoto anayelala chini ya bashi. Anaambiwa wewe ni mdogo leo, kesho utakuwa mkubwa. Nani atamlaumu?

Lakini huyo Drake wa kweli alianzia kwenye madogo gani? Alianzia kwenye kuuza watu. Katika miaka ya 1560, akiwa kijana, alisafiri na ndugu yake John Hawkins. Mwaka wa 1567 jahazi zao zilitoka bandari ya Plymouth, zikaenda pwani ya Afrika ya Magharibi, wakakamata watu kwa mamia, wengine kwa kuchoma vijiji, wakawavusha bahari kwenda kuwauza kwa Waspania. Jahazi kubwa la msafara huo lilikuwa mali ya Malkia Elizabeth. Jina lake? Jesus, Jesus wa Lübeck. Papa Pasta akitaka mahubiri ya Jumapili ijayo, hayo hapo. Watu walifungwa minyororo ndani ya jahazi lenye jina la Mwokozi, na kijana Drake alikuwa kwenye msafara huo. Baadaye aliiba fedha za Waspania, akaizunguka dunia, na mwaka wa 1581 malkia akamfanya Sir. Ni kweli pia kwamba huko Panama mwaka wa 1573 alishirikiana na Waafrika waliotoroka utumwa ili kuteka mizigo ya fedha. Alishirikiana nao kwa sababu walizijua njia. Isichukuliwe kwamba alitubu.

Huko Marekani, katika jimbo la California, kulikuwa na shule ya sekondari yenye jina la Sir Francis Drake. Mwaka wa 2021 jina hilo lilifutwa, shule ikaitwa Archie Williams, mwalimu mweusi aliyefundisha hapo na ambaye mwaka wa 1936 alishinda medali ya dhahabu katika mbio za mita 400 kwenye Olimpiki. Wajukuu wa waliouzwa huko wanavua jina la Drake mlangoni mwa shule. Wajukuu wa waliokimbia biashara ileile huku wanalivaa shingoni.

Na hapa Tanganyika shingo si mahali pa kuwekea kitu chochote tu. Wazee wanajua. Njia za watumwa zilipita katika nchi hii, kutoka Manyema hadi ziwa, kisha Ujiji, kisha pwani. Mtu alitembea na mti uliochongwa panda, shingo katikati, na mwisho wa ule mti umeshikwa na mwenzake au umefungwa kwa mnyororo. Mji wa Kalemie wenyewe, zamani Albertville, ulianza mwaka wa 1891 kama ngome ya Kapteni Jacques, Mbelgiji aliyekuja akisema anapiga vita wauza watumwa. Kilichofuata chini ya Leopold kinajulikana.

Kabla ya hapo shingo ya mkubwa ilivaa mpande. Vijana wengi wa siti hawajawahi kuuona, kwa hiyo tuuseme: ni kitako cha kombe la bahari ya Hindi, kimekatwa duara, cheupe, kina tundu. Kilitoka pwani mkono kwa mkono, miezi na miezi ya njia, hadi kikafika kwenye kifua au paji la uso la mwami. Hukuvaa mpande kwa sababu umeupenda. Uliuvaa kwa sababu watu walikubali kwamba wewe ni wa ukoo fulani na una haki ya kukaa juu ya kiti fulani. Ulikuwa jibu la swali la mama yule.

Lakini tusidanganye watoto kwa kuwaambia kwamba vya wazungu vilikuwa vya damu na vya wazee vilikuwa safi. Mwaka wa 1854 Livingstone alifika kwa mwami Shinte, kusini-magharibi mbali na hapa, akaandika bei ya makombe hayo: mawili yalitosha kununua mtumwa, matano yalitosha pembe ya ndovu. Kwa hiyo mpande nao ulinunua watu. Tofauti ni kwamba mwenye mpande alijulikana, na mambo yake wajukuu wanaweza kuyasema, mazuri na mabaya. Nani ndani ya siti anaweza kusema mambo ya Drake?

Wale wanaosema ni gemu tu wasikie na hili. Kazi ya shujaa wa Uncharted ni moja toka mwanzo hadi mwisho: kuingia kwenye nchi za watu, kuvunja makaburi na mahekalu, kutafuta mali ya waliokufa. Gemu ya nne inampeleka hadi Madagascar. Wenye nchi huwaoni sana, na mara nyingi jengo linaanguka nyuma yake akitoka. Inafurahisha kucheza, hakuna ubishi, na gemu hizo zimeuzwa zaidi ya milioni 40. Lakini mtoto wa Tanganyika anapaswa kujua kwamba mtafuta hazina wa namna hiyo alipita hapa kwa miguu yake. Aliitwa Émile Storms, mwanajeshi Mbelgiji, mwenye kituo cha Mpala, chini kidogo kwenye pwani ya ziwa. Desemba mwaka wa 1884 watu wake walimshambulia mwami Lusinga, wakamkata kichwa. Storms alirudi Ubelgiji na fuvu la Lusinga na sanamu ya wazee wake. Sanamu iko kwenye makumbusho ya Tervuren. Fuvu liliwekwa katika taasisi ya sayansi ya Brussels. Lusinga naye alikuwa mkamata watumwa, si malaika. Lakini fuvu lake si hazina ya mtu.

Mwaka wa 2022 sanamu ya Storms iliondolewa kwenye bustani ya Brussels. Watoto wa Mpala na wa Niemba wangapi wamesikia jina lake? Jina la Nathan Drake wanalo wote.

Sasa pasta atasema: basi, si nilisema ikatwe? Hapana. Sababu ya kutoikata iko ndani ya gemu yenyewe, na pasta angeijua kama angekaa nusu saa na watoto badala ya kuwahukumu.

Nathan Drake si mjukuu wa Drake. Gemu ya tatu, ya mwaka wa 2011, inalifunua jambo hilo wazi. Ni mtoto asiye na wazazi: mama amekufa, baba amemwacha mikononi mwa serikali. Akiwa na miaka ya ujana, peke yake katika mji wa Cartagena huko Colombia, aliiiba ile pete kwenye makumbusho. Jina la Drake alijipa mwenyewe. Anapokuwa mtu mzima adui yake, mwanamke mmoja aitwaye Marlowe, anamtupia uongo huo usoni. Pete ile ni mtoto ambaye hana ukoo, akaokota babu kwenye kabati la vioo. Alichagua vibaya, akachagua muuza watu, lakini hakuna aliyekuwa karibu naye kumwonyesha babu mwingine.

Sasa rudi kwenye siti. Vita vya Watwa na Waluba vimewatoa watu vijijini tangu mwaka wa 2013, vikawa vikali zaidi mwaka wa 2016, na vimeacha watoto wanaolelewa na bibi, na shangazi, na jirani tu. Yuko asiyejua kaburi la baba yake liko wapi. Yuko anayeficha ukoo wake kwa sababu kusema jina la kabila mbele ya watu fulani kunaweza kumletea kipigo. Mtoto wa namna hiyo anaona kwenye televizyo kijana asiye na baba aliyejitungia baba kwa pete moja na kamba. Anaelewa kuliko pasta, na kuliko mwalimu. Kumkata kamba usingizini ni kumfiwisha mara ya pili, na hakumpi hata jina moja la kuweka mahali pake.

Na kuna bariere. Hili ndilo linalotakiwa kuharakishwa, wakati watu wazima wanabishana juu ya shetani. Kila askari aliyefanya kazi Tanganyika anajua kwamba wanamgambo wanavaa dawa shingoni na mikononi wakiamini risasi haitawaingia. Kijana wa miaka kumi na sita anayetoka shambani au anayefuata makaa, mwenye kamba nyeusi na kitu cha chuma kifuani, akisimamishwa atamweleza nini askari aliyetoka jimbo lingine na asiyelala vizuri? Kwamba ni gemu? Pasta anayesema hadharani kwamba pete ni hirizi anamsaidia askari huyo kukosea. Asipokuwa na chuki na vijana, Jumapili ijayo asimame palepale aseme kwamba alikosea. Na kamati ya siti pamoja na chefu wa kijiji waende kwa komanda, na pete moja mkononi, wamwonyeshe ni kitu gani. Haigharimu franka. Vijana nao, hadi hapo, waache pete nyumbani siku ya kupita bariere. Hilo mzazi anaweza kumwomba mwanawe mchana, macho kwa macho, bila wembe.

Wenye vyumba vya video pia wana sehemu yao. Wanachukua franka za watoto tangu asubuhi. Siku moja kwa juma wanaweza kuzima mashine saa moja, wamwite mzee mmoja Mluba na mzee mmoja Mtwa, wawaambie watoto habari za mpande, za Lusinga, za njia ya Ujiji, na za Drake pia bila kumficha. Wazee wapo. Wanakaa nje ya bashi zao kutwa nzima na hakuna anayewauliza kitu.

Mwisho wa ile gemu ya tatu, rafiki yake mzee anamkabidhi Nathan pete nyingine: ni pete yake ya ndoa, na anaivaa kidoleni mbele ya mke wake. Watoto wa siti wanaujua mwisho huo, wanaweza kuusimulia wote. Mtoto aliyekatwa kamba aliusimulia kwa mama yake siku mbili baadaye, wakichambua maharagi. Mama alisikiliza, halafu akamtajia jina la baba ya baba yake, na la baba wa huyo, hadi watu watano. Mtoto alirudia matatu, akasahau mawili, akaomba aanze tena.