Motokaa Iliyobeba Pipa Zima

Leo nataka kuwapa habari za motokaa moja ambayo pengine hamjapata kuisikia. Jina lake ni Leyland P76. Iliundwa Australia, katika kiwanda cha Zetland, mjini Sydney, ikaanza kuuzwa mwaka 1973.

Ilikusudiwa kuwa motokaa ya jamaa: baba, mama na watoto, pamoja na mizigo yao. Umbo lake lilichorwa na Mwitalia, Giovanni Michelotti. Nyuma, mahali pa mizigo, palikuwa na nafasi kubwa hata pipa zima la galoni 44 liliingia. Nani kati yetu asingependa chombo cha namna hiyo siku ya kupeleka mazao sokoni? Ile yenye injini ya silinda nane ilichaguliwa na gazeti la Wheels kuwa motokaa bora ya mwaka 1973. Mwaka 1974 moja ilishindana kutoka London mpaka jangwa la Sahara na kurudi Munich, nayo ikafika.

Basi, mbona haikufaulu? Kwanza, nyingi zilitoka kiwandani na kasoro: milango haikukaa sawasawa, na maji ya mvua yakapenya ndani. Pili, migomo ilichelewesha vipuri, wanunuzi wakangoja. Tatu, mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani, watu wakaogopa motokaa kubwa. Tena kampuni yenyewe ilikuwa na shida ya fedha. Mwezi wa Oktoba 1974 ilitangazwa kwamba kiwanda kitafungwa. Zilikuwa zimetengenezwa 18,000 hivi tu. Wafanyakazi wengi walirudi kwa wake zao na watoto wao bila kazi.

Ndugu msomaji, yatazame mambo haya vizuri. Bei ya mafuta haikuwa mikononi mwa watu wa Zetland. Lakini mlango ulikuwa mikononi mwao. Mchoraji alifanya kazi yake vema, na injini ilikuwa na nguvu. Palipoharibika ni kwenye kumalizia. Jina baya likaenea upesi, na kasoro zilipoanza kurekebishwa, wanunuzi walikuwa wamekwisha kwenda kwingine.

Nasi tuna kazi zetu: seremala na meza yake, fundi cherehani na sare za watoto, mkulima na magunia yake. Masika hatuwezi kuizuia isije. Paa tunaweza kuliezeka vizuri. Je, la kwako umelitazama?