Tusiwaundie Watoto Kila Chombo

Mwanachuo anapojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha hukesha akitengeneza zana. Asubuhi mtahini huikuta mezani, imepakwa rangi na kuandikwa majina ya sehemu zake, naye huipa alama nzuri. Watoto huitazama kwa mbali, humwona mwalimu akizungusha mkono wa chombo, kisha hunakili maelezo yaliyo ubaoni. Katika utaratibu huo aliyejifunza hasa ni mwanachuo, kwa kuwa ndiye aliyeunda.

Chukua mfano wa mtambo mdogo unaogeuza mzunguko kuwa mwendo wa mstari ulionyooka kwa msaada wa mkanda. Umo ndani ya mashine za ofisini zinazochapisha kwa kurusha wino: kigari kilichobeba wino huteleza juu ya fito ya chuma, kikivutwa na mkanda wenye meno uliopita katika roda mbili. Wa kufundishia waweza kuundwa juu ya ubao wa nusu mita na kuendeshwa kwa mkono, bila umeme wowote. Swali langu ni nani auunganishe. Nasema watoto, tena mbele ya mtahini, hata kama kipindi kitakuwa na kelele.

Mpangilio wa kazi wenyewe ni somo. Fito hutangulia, kisha kigari, na mkanda huja mwisho. Fito moja ya mviringo haitoshi, maana kigari kitapinduka; yapasa iwepo ya pili, sambamba na ya kwanza. Kabla ya mkanda kufungwa, mtoto asukume kigari kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikikwama, kosa limo katika fito. Kama mkanda umekwisha kufungwa, hakuna awezaye kusema upesi kama kinachokwamisha ni fito au ni mkanda, na hapo ndipo mwalimu huanza kubahatisha mbele ya darasa.

Sasa laja jambo ambalo ningelipa robo saa nzima. Mkanda uliozunguka roda mbili una pande mbili, wa juu na wa chini. Kigari kifungwe upande upi? Waachieni watoto wajibu wenyewe. Kundi moja hakika litafunga pande zote mbili, kwa imani kwamba ndivyo kitakavyokuwa imara, na mtambo hautakwenda hata kidogo. Watavuta, watalaumu roda, watalaumu wenzao. Hatimaye mmoja ataweka alama ya chaki kila upande wa mkanda na kuona kwamba upande mmoja ukienda kulia, mwingine huenda kushoto. Mwalimu angeweza kulisema jambo hilo kwa sentensi moja, nalo lingesahaulika kabla ya kengele.

Ukazaji wa mkanda ni mfupi kuueleza: tundu la roda ya mwisho liwe refu kidogo, ili roda ivutwe nyuma na kubanwa. Mkanda uliolegea huruka meno. Uliokazwa mno hupinda ekseli na kuufanya mwendo kuwa mzito. Tena uende sambamba na fito, ama sivyo utakaza na kulegea kadiri kigari kinavyosogea.

Hesabu nayo imo. Mkanda unaotumika sana katika mashine ndogo zinazojenga vitu vya plastiki tabaka kwa tabaka una meno yaliyoachana milimita 2. Roda ya meno 20 ikizunguka mara moja husogeza kigari milimita 40. Mara tano, milimita 200. Mwanafunzi hodari wa jiometri atapima kipenyo cha nje cha roda, kama milimita 12.2, azidishe kwa 3.14, naye atapata milimita 38 na kitu. Rula itamkatalia. Sababu ni kwamba mkanda hujipinda penye nyuzi zake ngumu, nazo zimekaa robo ya milimita hivi nje ya ukingo wa roda; duara la kweli ni kubwa kuliko lile lililopimwa. Sijui mfano mwingine wa bei nafuu unaomwonyesha mtoto kwa uwazi hivyo kwamba kanuni yaweza kuwa sahihi na kipimo kikawa cha mahali pasipofaa.

Nitaambiwa kwamba darasa lina watoto sitini au zaidi, na mkanda ni mmoja. Pingamizi hilo ni zito. Hata hivyo, mtambo mmoja waweza kufunguliwa na kufungwa tena na makundi kwa zamu katika juma zima, huku makundi mengine yakitumia kamba na vibiringo vitupu vya uzi. Kamba itateleza juu ya kibiringo, nao wataona meno ya mkanda yaliwekwa kwa kazi gani. (Visu vya kukatia ubao vibaki mikononi mwa mwalimu.)

Ninachowaomba watahini ni kubadili mahali pa kuweka alama. Mwanachuo akiingia darasani na sanduku la vipande ambavyo havijaunganishwa, asihesabiwe kuwa hakuandaa zana. Aulizwe ni maswali gani ameyaandaa kwa wakati kigari kitakapokwama, na alama zitoke hapo.