Mutoto wa mufanyakazi ana haki ya kinezi

Bandugu bafanyakazi, mutoto akishikwa na malaria, tunamupeleka ku lopitali ya kampuni, anapata dawa. Lakini mutoto wa miaka tatu asiyekaa, asiyesema, anayekwama wakati wa kula, tunamuficha mu nyumba. Majirani banasema alilogwa. Mama anabaki peke yake na muzigo.

Ubongo ulioumia wakati wa kuzaliwa hauna dawa ya kuuponyesha. Lakini mwili na ulimi vinafundishwa. Kinezi, fundi wa viungo, anaonyesha mama namna ya kumukalisha mutoto na kumunyoosha miguu kila siku isikauke. Wakati wa kula, mutoto akae wima, kichwa kisianguke nyuma, kijiko kidogo, apewe wakati wa kumeza. Ukimulisha akiwa amelala, uji unaweza kuingia mu mapafu. Kwa kusema, umuangalie mu macho, taja kintu, kisha ngoja ajibu, hata kwa mukono. Mwingine anaogopa makelele ao kuguswa: umuzoeshe pole pole, bila fimbo.

Sheria ya kazi ya 2002 inamulazimisha mwajiri kutunza mufanyakazi pamoja na familia yake. Basi, badelege, mukikaa na bakubwa kuandika mapatano, musidai mushahara na unga tu. Mudai kinezi aandikwe pia.

Na wewe baba, ukitoka ku posti, oga, kisha shika mutoto, mufanye mazoezi. Ile nayo ni kazi ya mwanaume.